Boriti za Kale na Nyumba ya Makumbusho

Katika mji wa Tanga, karibu na bahari, liko jengo liitwalo Boma la Kale. Wadachi waliutwaa mji huo mwezi wa Julai mwaka 1889, na katika miaka ya kwanza ya utawala wao wakajenga nyumba hiyo iwe mahali pa kazi ya serikali. Baadaye, katika mwaka 1916, Waingereza wakauteka mji. Nao pia wakatawala, wakaondoka. Watawala walikwenda zao, jengo likabaki. Leo hakuna tena askari wa kusimama mlangoni. Ndani yake mna makumbusho yaitwayo Urithi, ambamo watu hutazama vitu vya zamani na picha za zamani, wakapata habari za mji wao.

Chungu cha kale kikiwekwa katika kabati ya kioo, kabati yaweza kuwa mpya, wala hapana mtu atakayejali. Lakini hapa kabati yenyewe ni ya kale kuliko vitu vingi vilivyomo. Mgeni huingia, akainama kutazama vyombo, akasoma maandiko ukutani. Mara chache huinua macho yake kutazama juu. Na huko juu ndiko kwenye jambo la somo hili, yaani miti iliyobeba nyumba.

Jengo la mawe huonekana kama haliwezi kufa. Kuta za nyumba za kale za pwani ni nene, tena ni za mawe ya matumbawe yaliyoshikwa kwa chokaa. Mtoto akiupiga ukuta huo ngumi, ataumia mkono. Hata hivyo nyumba hizo hufa, na kufa kwake huanza mahali padogo sana. Bati moja hutoboka, au mfereji wa paa huzibwa na majani ya mwembe. Maji ya masika huingia, hayaonekani. Yanashuka ndani ya ukuta mpaka yanafika pale kichwa cha boriti kilipolala katika tundu lake. Huko ni giza, hakuna upepo, na unyevu haukauki. Mti huanza kuoza kwa ncha, hali katikati ya chumba, ambako watu wanauona, ungali mzima na mzuri. Kisha mchwa hupata njia. Basi siku moja ncha ile haina nguvu tena, boriti inashuka kidogo, dari inapasuka, maji yanaingia zaidi. Na ukuta, ambao ulikuwa umeshikwa na boriti usiegemee upande, sasa hauna wa kuushika.

Yaliyotokea Unguja yanajulikana na watu wote. Seyyid Barghash alijenga jumba la Beit al-Ajaib katika mwaka 1883, na katika siku za karibu likawa makumbusho ya Zanzibar na ya pwani yote ya Waswahili. Tarehe 25 Desemba 2020, mafundi walipokuwa katika kazi ya kulitengeneza, sehemu kubwa ya jumba hilo ikaanguka, na watu 2 wakafa chini ya mawe. Kwa hiyo mtu anayetazama boriti na kugonga ukuta hafanyi kazi ya mchezo. Nyumba ya makumbusho huingiwa na watoto wa shule wengi kwa mara moja.

Na wasomaji wa Tanga hawana haja ya kuvuka bahari. Waende Tongoni, kusini ya mji, mwendo wa kilometa 20 hivi. Hapo wataona msikiti wa kale na makaburi zaidi ya 40. Kuta za msikiti zingali zimesimama kwa sehemu, lakini paa halipo. Jiwe limekaa miaka mamia, mti umekwisha. Penye magofu ya pwani, mara nyingi mtu huona matundu mengi yaliyopangwa mstari mmoja juu ya ukuta, akadhani ni viota vya ndege. Ni mahali pa vichwa vya boriti. Ukihesabu matundu, umehesabu boriti.

Boriti hizo zilitoka wapi? Nyingi zilitoka katika mikoko, ile miti iotayo katika matope ambayo maji ya bahari huyafunika na kuyaacha kila siku. Mtu wa bara akitazama msitu wa mikoko huona miti ya namna moja tu. Watu wa pwani hawasemi hivyo. Wao hutenga mkoko wenye mizizi kama miguu ya buibui, na msinzi, na mkandaa, na mchu, na mkomafi. Na kila mmoja una kazi yake. Mkoko na msinzi ni mizito, imenyoka, tena maganda yake yana rangi nyekundu iwashayo ulimi, ile inayotumika kwa kutengeneza ngozi. Miti hiyo ikikatwa na kukaushwa vizuri, mchwa hauipendi upesi. Mkomafi umepindapinda, haufai kuwa boriti, lakini mwunda vyombo huupenda kwa mataruma ya jahazi, kwa sababu umekwisha kupindwa na Mungu kama anavyotaka yeye.

Miti ya mikoko iliuzwa kwa unene wake, na kila unene una jina. Nyembamba kabisa ni fito. Zinazofuata ni pau, kisha mazio, kisha boriti zenyewe, kisha nguzo. Boriti huwa na unene wa sentimita 12 au 13 hivi. Nazo hazikuhesabiwa moja moja, ila kwa korija, na korija moja ni miti 20. Mfanya biashara akiagiza korija 6 na nusu, mwanafunzi aweza kusema upesi ni miti mingapi. Kwa muda wa mamia ya miaka majahazi yalipakia korija hizi pwani ya Afrika, yakasubiri upepo wa kusi, yakaenda Arabuni na Ghuba ya Uajemi, ambako miti ya kujengea ni haba. Katika nyumba za kale za huko mtu akitazama dari ataona miti iliyoota katika matope ya Afrika ya Mashariki. Kenya ilikataza kuitoa nchini katika mwaka 1982.

Hapo pana jambo la ajabu kidogo. Nyumba za mawe za pwani zina vyumba virefu na vyembamba, kama behewa la gari la moshi. Wageni wengi wameuliza kwa nini wenyeji walipenda vyumba vyembamba hivyo. Hawakuvipenda wala hawakuvichukia. Boriti ya mkoko ikichukua dari la mawe na chokaa, haiwezi kuvuka nafasi ya zaidi ya mita 2 na nusu au 3 bila kupinda. Basi mti ndio uliokata shauri. Mwenye mali aliyetaka chumba kikubwa aliweza kukiongeza urefu apendavyo, lakini upana aliupewa na mkoko.

Ili kufahamu jambo hili, mwanafunzi achukue rula yake ya mti. Ailaze kama kawaida, ncha mbili juu ya vitabu, aibonyeze katikati kwa kidole. Itapinda. Kisha aisimamishe kwa ukingo wake, aibonyeze tena. Haipindi. Rula ni ile ile, mti ni ule ule, uzito haukuzidi. Kilichozidi ni kimo. Mbao mbili za urefu mmoja na upana mmoja, moja ikiwa na kimo mara 2 ya nyingine, nguvu zake hazizidi mara 2 tu, bali mara 4. Seremala aliyepasua gogo la mvule au la msaji aliweza kupata mti wa mraba wenye kimo kirefu, akavuka chumba kipana zaidi. Ndiyo sababu katika majengo ya serikali ya zamani, pamoja na boriti za mviringo, huonekana pia magogo ya mraba yaliyochongwa. Mvule ni mti wa nchi hii. Msaji asili yake ni Bara Hindi na Burma, lakini umepandwa Longuza katika nchi ya Muheza, na huko umestawi sana.

Tusisahau nyumba za udongo, kwa kuwa hizo ndizo walizokaa watu wengi, na makumbusho yasiyo na nyumba ya watu wengi yameacha nusu ya habari. Nyumba ya udongo ya pwani ni kiunzi cha miti kwanza, udongo hufuata. Nguzo husimikwa katika mashimo, nazo mara nyingi zina panda juu. Katika panda hulazwa mwamba. Miti ya kukata chumba kutoka ukuta huu mpaka ukuta ule huitwa mitambaapanya, na yeyote aliyelala usiku katika nyumba ya makuti hahitaji kuelezwa sababu ya jina hilo. Kutoka ukutani kupanda mpaka juu ya paa ni makombamoyo, na juu yake hufungwa pau na fito. Hapana msumari hata mmoja. Kila kiungo kimefungwa kwa kamba, hasa kamba za makumbi ya nazi. Kiunzi kikiisha, nyumba imesimama tayari, waweza kuona ng'ambo kupitia kwake. Ndipo watu wanaalikwa, udongo unakandikwa, watoto wanachafuka mpaka nywele.

Nyumba ya namna hii ikibomolewa, udongo hurudi chini, lakini miti haikutupwa. Mwenyewe aliifungua kamba, akaipanga, akaitazama. Nguzo iliyooza chini ilikatwa, ikawa fupi, ikatumika jikoni au katika banda la mbuzi. Mwamba mzuri ulirudi kuwa mwamba. Kwa hiyo mti mmoja uliweza kukaa katika nyumba tatu, ya babu, ya baba, na ya mwana. Wazee hawakuona kwamba wanafanya jambo la kusifiwa. Kukata mikoko ni kazi ya matope mpaka kiunoni, na hakuna apendaye kurudi huko pasipo sababu.

Siku hizi ipo sababu nyingine. Misitu ya mikoko ya Tanzania Bara ni hifadhi ya serikali, na kuikata pasipo kibali ni kosa. Nayo ni haki, kwa maana kamba wadogo na samaki hukua katika mizizi yake, na pwani isiyo na mikoko huliwa na mawimbi. Basi fundi anayetengeneza nyumba ya kale yumo katika shida. Anataka miti ile ile, ya unene ule ule, lakini haipati msituni. Wakati huo huo, mtaa wa pili, mtu anabomoa nyumba ya babu yake ili ajenge ya matofali. Boriti zake zimelundikwa nje, na mpita njia anaziulizia bei awashie moto wa tanuru. Boriti iliyokaa miaka 100 huungua kwa usiku mmoja kama kuni nyingine yoyote. Shauri lililo jema ni la kuwahi kufika kabla ya mwenye tanuru.

Lakini haifai kuchukua kila kitu. Miti ya kale ina siri, na mingine ina uongo. Mtu akisimama karibu na mafundi wakichagua miti, aweza kusikia maneno ya namna hii.

Mwanafunzi huishika boriti nene, nyeusi kwa moshi, iliyonyoka, akasema, "Fundi, hii ni nzima. Itazame ilivyo nzuri."

Mzee haitazami. Anaigonga kwa mgongo wa tezo, kuanzia katikati kwenda mwisho, polepole. Katikati inalia kama ngoma kavu. Karibu na mwisho sauti inabadilika, inakuwa nzito na bubu.

"Umesikia nini, mwanangu?"

"Sauti imeshuka, fundi."

"Tia kisu."

Kisu kinaingia mpaka nusu, na kikitoka kina unga.

"Basi tuitupe?"

"Mgonjwa wa kidole hukatwa kichwa? Piga mstari hapa, kwenye sauti njema. Kisha uongeze shibiri moja kuelekea kwenye uzima, kwa sababu ugonjwa hutangulia mbele ya macho. Itakayobaki itafaa chumba kidogo."

Zipo dalili nyingine. Mti wenye vitundu vidogo vidogo si lazima uwe mbaya. Huenda wadudu walikwisha kutoka zamani. Lakini ukiugonga, na unga mweupe mpya ukianguka chini, wadudu wangalimo, na mti huo hautiwi katika nyumba ya makumbusho, maana baada ya boriti wataonja milango, viti na ngoma. Mti wa nyumba hupimwa pia kwa uzito. Miti miwili ya namna moja na unene mmoja, mmoja ukiwa mwepesi kuliko mwenzake, ule mwepesi umeliwa ndani.

Miti ya vyombo vya bahari ina habari yake peke yake. Jahazi au mashua iliyochakaa ikivutwa pwani, mbao zake bado huwa na thamani, hasa za mvule na msaji. Bahari imeuingiza mti chumvi, na chumvi huzuia kuoza kwa namna fulani. Lakini ina ubaya wake. Huvuta unyevu wa hewa, na msumari wa chuma ukipigwa ndani yake hushika kutu. Kutu huvimba, chuma kilichokula kutu hutaka nafasi kubwa kuliko kilipokuwa kizima, kikaupasua mti. Hivyo misumari ya kale huondolewa yote, mmoja mmoja, kwa uvumilivu, kwani mmoja ukisahauliwa utavunja meno ya msumeno, na seremala atasema maneno ambayo hayaandikwi katika kitabu cha shule.

Mti wa kale una sifa moja ambayo hata fedha hainunui upesi: umekwisha kukauka. Mti mbichi una maji mengi. Ukijenga nao leo, mwaka ujao umepungua upana, umejipinda, na viungo vimelegea. Mti uliokaa chini ya paa tangu zamani hauna tena la kupungua. Fundi mwenye akili hutumia jambo hilo. Kigingi hukichonga kwa mti mkavu sana wa kale, akakitia katika mti mpya zaidi. Mti mpya unapokauka hujibana, ukakishika kigingi mpaka hakitoki.

Viungo vya seremala si vya kamba. Mwisho wa mti mmoja huchongwa ulimi, na katika mti wa pili hutobolewa tundu kwa juba na nyundo, kadiri ya ulimi ule. Ulimi ukiingia, hutobolewa tundu dogo kupita yote miwili kwa keekee, kikapigwa kigingi. Mafundi bingwa hufanya hila ndogo. Tundu la kigingi katika ulimi hulisogeza kidogo, kiasi cha unene wa kucha, lisilingane sawasawa na lile la nje. Kigingi kikipigwa hulazimika kupita kombo, na kwa kupita hivyo huuvuta ulimi ndani mpaka mabega ya mti yanakutana. Kusogeza mno huvunja kigingi. Kutosogeza kabisa hakuna faida. Jambo hili halijifunzwi kwa kusoma.

Boriti iliyooza kichwa yaweza kuungwa bila kuitoa yote. Kwanza dari huinuliwa kwa mihimili kutoka chini, kidogo kidogo, ili boriti ipumzike. Kisha sehemu mbovu hukatwa. Mti uliobaki hukatwa mshazari mrefu, si chini ya mara 3 ya unene wake. Na kipande cha mti wa kale kilichochaguliwa hukatwa mshazari uo huo, vikalala pamoja kama viganja viwili vya mikono, vikafungwa kwa vigingi au kwa parafujo za chuma kisichoshika kutu. Kwa nini mshazari mrefu? Kwa sababu mti ukiunganishwa kwa kukatwa wima, ncha kwa ncha, hauna cha kushikana nacho. Tena kichwa kipya kikirudi katika ukuta, hakizibwi kwa chokaa pande zote. Huachiwa nafasi ndogo ya hewa. Aliyekizika kichwa cha kwanza katika unyevu ndiye aliyekiua.

Hapo mara nyingi huzuka ubishi juu ya saruji. Tanga pana kiwanda kikubwa cha saruji, na saruji hupatikana kila duka. Chokaa ya kuchomwa ni lazima kutafutwa, kuzimwa kwa maji, na kungojewa. Mtu mwenye haraka husema, "Tupake saruji, ni ngumu zaidi." Kweli ni ngumu. Lakini ukuta wa matumbawe na chokaa huvuta unyevu na kuutoa, kama mtu avutavyo pumzi. Ukiufunika kwa saruji, unyevu uliomo hauna njia ya kutokea nje, huenda ndani, na huko ndani hukutana na vichwa vya boriti. Ukuta unang'aa, mti unaoza. Katika shauri hili mwenye haraka hashindwi siku ile. Hushindwa baada ya masika manne au matano, na kwa kawaida hayupo tena wa kuulizwa.

Kabla ya kufungua kiunzi chochote, kila mti huandikwa alama. Seremala wa Ulaya wa zamani walizichonga alama hizo kwa patasi katika mti wenyewe, nazo zinasomeka hata leo. Kwa njia hiyo nyumba nzima ya miti yaweza kufunguliwa, kuchukuliwa, na kusimamishwa mahali pengine. Katika mji wa Stockholm, huko Swideni, bwana mmoja jina lake Artur Hazelius alifungua katika mwaka 1891 makumbusho yaitwayo Skansen, ambayo hayana jumba moja bali nyumba nyingi za wakulima zilizoletwa kutoka pande zote za nchi. Katika Tanzania kipo Kijiji cha Makumbusho huko Dar es Salaam, chenye nyumba za makabila mbalimbali. Lakini huko kazi ni ya namna nyingine, maana nyumba ya udongo na makuti haichukuliki. Hujengwa upya, na baada ya miaka michache hujengwa upya tena. Kinachohifadhiwa ni ujuzi wa kuijenga kuliko miti yake. Watu wengine husema hiyo si nyumba ya kale tena. Wajenzi hujibu kwamba hata katika kijiji haikuwa vingine.

Alama ina kazi ya pili. Kipande kipya kikitiwa katika boriti ya kale, hakipakwi masizi ili kifanane na zamani. Huachwa kionekane, au huandikwa mwaka mahali pa siri kidogo, ili atakayekuja baadaye ajue kipi ni cha kwanza na kipi ni cha kutengeneza. Makumbusho yanayodanganya katika boriti yake hayataaminiwa katika maandiko yake.

Katika miti yote ya nyumba, mlango ndio uliohesabiwa kuwa na heshima zaidi, na ndio unaoibwa zaidi. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 iliutaja mlango wa mti kwa jina. Mlango au miimo yake, ikiwa imechongwa nakshi za Kiafrika au za nchi za mashariki kabla ya mwaka 1940, ni kitu kinacholindwa, wala hauuzwi au kupelekwa nje ya nchi bila idhini. Hii ndiyo sababu boriti nzuri yaweza kununuliwa kwa aliyebomoa nyumba, lakini mlango wake wa nakshi si bidhaa kama boriti. Mwenye kubomoa hapendi sana kusikia hivyo. Pengine kwa jambo hili peke yake mafundi na mwenye nyumba huachana kwa uchungu.

Iko habari moja ya mti uliookolewa katika bahari ya Tanga yenyewe, nayo ni ya kale kuliko Boma. Katika Aprili 1498, Mreno Vasco da Gama alipokuwa akienda Bara Hindi, merikebu yake mmoja, São Rafael, iliyoongozwa na Paulo ndugu yake, ilipanda juu ya fungu karibu na Mtangata, upande ule wa Tongoni. Maji yalipojaa ikaelea tena, ikaendelea na safari. Mwezi wa Januari 1499, wakirudi, walifika tena hapo hapo. Lakini mabaharia wengi walikuwa wamekufa kwa ugonjwa, na waliobaki hawakutosha kuendesha merikebu 3. Ikawapasa kuchagua. Wakaitoa São Rafael shehena yake, kisha wakaitia moto penye fungu lile, mbao zote, mataruma, na milingoti.

Hawakuchoma yote. Merikebu hiyo ilikuwa na sanamu ya mti ya malaika Rafaeli, ambaye ilipewa jina lake. Sanamu hiyo ilitolewa, ikapandishwa katika chombo kingine, ikafika Ureno; na leo imewekwa Lisbon, katika makumbusho ya mambo ya bahari. Paulo da Gama mwenyewe hakufika kwao. Alikufa njiani katika visiwa vya Azori. Basi ule mti uliookolewa na watu wenye njaa na ugonjwa, wasio na nafasi ya kutosha hata kwa miili yao, umo Ulaya. Majivu ya mbao nyingine yalichukuliwa na maji mbele ya Tongoni, mahali ambapo wavuvi wa leo hutupa nyavu zao.

Maswali

1. Korija 6 na nusu ni miti mingapi? Dari moja likihitaji boriti 26, miti hiyo itatosha madari mangapi?
2. Kwa nini vyumba vya nyumba za mawe za pwani ni vyembamba?
3. Fundi alisikia nini alipoigonga boriti, na kwa nini aliongeza shibiri moja?
4. Tazama paa la shule yako au la nyumba yenu. Taja miti yake kwa majina, kutoka nguzo mpaka juu, na uonyeshe mahali ambapo maji yangeweza kuingia.
5. Mtu mmoja asema boriti iliyoungwa kichwa kipya si boriti ya kale tena. Mwingine asema ni ya kale. Andika maneno ya kila mmoja.